Maumivu Si Kipimo

Siku ya Jumamosi soko la Tengeru hufurika. Wanawake hushuka kutoka Nkoaranga, Poli na Akheri na mikungu ya ndizi, wengine huja kwa daladala kutoka Maji ya Chai na Kikatiti, na kuanzia asubuhi hadi jua linapozama kazi kubwa ni kupima: mahindi na maharage kwa sado au debe, nyanya na viazi kwa fungu. Mama aliyezoea soko hadanganyiki kirahisi. Akiona sado imebonyezwa ubavuni huigeuza, huigonga kwa kiganja na kuikataa kabla pesa haijafunguliwa kwenye pindo la khanga. Lakini mama huyohuyo, inapokuja habari ya mwili wake chini ya kitovu, mara nyingi hubaki na kipimo kimoja tu, nacho ni maumivu. Ikiuma ni ugonjwa. Isipouma yeye ni mzima na kazi iendelee. Hoja ya makala haya ni kwamba kipimo hicho nacho kimebonyezwa. Maumivu na muwasho humkimbiza mwanamke dukani akanunue dawa ya jambo ambalo pengine lisingemuua, na ukimya wa mwili humweka nyumbani na jambo linaloweza kumuua. Maswali mengi wanayojiuliza wanawake wa Arusha kuhusu afya yao ya uzazi, ukiyafuata hadi mwisho, yanarudi kwenye kosa hilo la kipimo.

Ugonjwa unaoonyesha kosa hilo waziwazi kuliko mwingine wowote ni saratani ya mlango wa kizazi. Mlango wa kizazi ni sehemu nyembamba ya chini ya mfuko wa uzazi inayochungulia juu ukeni. Damu ya hedhi hupitia hapo, na mtoto hutokea hapo. Ni sehemu isiyo na hisia kali ya maumivu, kwa hiyo seli zake zinaweza kuharibika kwa miaka mingi bila mwenyewe kuhisi chochote. Karibu visa vyote vya saratani hii hutokana na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua jambo hilo, na leo tunajua kwamba aina mbili za virusi hivyo, namba 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani. Watu wengi huvipata wakati fulani maishani na mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, na vikibaki safari ya kuelekea saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20, au miaka 5 hadi 10 kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano anayeishi na VVU bila kutumia dawa. Ni maradhi machache yanayompa binadamu muda mrefu hivyo wa kuyawahi. Hata hivyo makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba nchini Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 waligundulika na saratani hii katika mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 walifariki kwayo. Ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi nchini. Maumivu yake huja mwishoni, pale uvimbe unapofikia mishipa ya fahamu ya nyonga au unapobana mirija inayotoka kwenye figo. Aliyeyasubiri kama kengele ya kumwamsha ameamshwa siku ikiwa imekwisha.

Yapo, kwa upande wa pili, mambo yenye kelele. Mezani kwenye maduka ya dawa ya Ngarenaro, Sakina au Kwa Mrombo ombi moja husikika sana: nina U.T.I. sugu, nipe dawa kali. Jina hilo limegeuka kapu la kila kitu, kuanzia muwasho na uchafu ukeni hadi maumivu ya kukojoa na tumbo la chini. Ukweli ni kwamba maambukizi ya njia ya mkojo ni jambo moja, na maambukizi ya uke ni jingine, na dawa zake hazifanani. Uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, unaoambatana na muwasho mkali, kwa kawaida ni fangasi. Majimaji ya kijivu yenye harufu ya samaki huashiria kwamba uwiano wa bakteria wa kawaida ukeni umevurugika. Uchafu wa njano au kijani wenye mapovu waweza kuwa trikomona, ugonjwa wa zinaa ambao hautaisha ikiwa anatibiwa mke peke yake na mume hajaguswa. Mwanamke mwenye fangasi akimeza antibayotiki anaua bakteria wema wanaolinda uke na kuwaachia fangasi nafasi ya kusitawi. Muwasho hurudi, naye huamini kwamba U.T.I. yake ni sugu. Hata kipimo cha mkojo chaweza kupotosha pale mkojo unapochukuliwa bila kujisafisha kwanza na bila kuacha ule wa mwanzo upite, kwa kuwa usaha unaoonekana huenda umetoka ukeni. Kwa hiyo anayerudiwa na tatizo mara kwa mara asitafute dawa kali zaidi. Atafute jibu sahihi zaidi: achunguzwe uke, na mkojo uoteshwe maabara ili ijulikane kama kuna bakteria, ni wa aina gani, na wanasikia dawa ipi.

Hapa ndipo linapoingia swali la usafi. Wasichana wengi hufundishwa kwamba uke usafishwe ndani, kwa sabuni, kwa maji ya ndimu, kwa dawa za mitishamba au kwa bidhaa za kubana zinazouzwa mitaani na mitandaoni. Uke hujisafisha wenyewe. Bakteria wake wa kawaida hutengeneza asidi inayozuia vijidudu vingine, na ute mweupe au usio na rangi unaobadilika kadiri mzunguko wa mwezi unavyokwenda ni dalili ya mwili unaofanya kazi yake. Kuosha nje kwa maji safi kunatosha. Anayeosha ndani huondoa ulinzi huo, kisha hupata harufu, kisha huosha zaidi kwa sababu ya harufu. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha jinsi kipimo kibaya kinavyokula fedha na muda. Pesa inayotumika kwa miaka kununua sabuni maalumu, vidonge vya kuingiza na antibayotiki za kubahatisha ingetosha nauli ya kwenda kuchunguzwa mara nyingi tu, na katika miaka yote hiyo ya kutibu muwasho huenda hakuna mtu hata mmoja aliyeutazama mlango wa kizazi.

Kuna mambo mengine yanayosema kwa sauti ya chini na hayasikilizwi. Kisonono na klamidia kwa mwanamke zaweza kukaa bila dalili huku zikipanda kwenye mirija ya uzazi na kuiziba. Wengi hujua siku wanapotafuta mtoto wasimpate. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya hedhi mbili, hata iwe matone mawili yasiyouma, inadai uchunguzi. Damu inayomjia mama ambaye hedhi yake ilikoma mwaka mzima au zaidi si hedhi iliyorudi wala ujana uliokumbuka njia. Inapaswa kuchunguzwa haraka, kwa kuwa yaweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wake. Vivyo hivyo hedhi inayozidi siku saba, inayotoa mabonge makubwa au inayolowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo huitwa kawaida kwa sababu mama na bibi nao walikuwa hivyo. Mara nyingi chanzo ni uvimbe wa kizazi usio saratani, ambao wengi huuita faibroidi, na gharama yake hulipwa polepole kwa upungufu wa damu: mama anayehema akipanda kilima kutoka mtoni na kudhani ni uzee. Neno chango nalo limebeba mengi. Maumivu ya hedhi, ugumba, tumbo kujaa, mimba kuharibika, yote huitwa chango na kupewa mizizi. Msichana anayekosa shule kila mwezi kwa sababu ya maumivu hana chango la kurithi. Anaweza kuwa na endometriosisi, hali ambayo tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa kizazi huota nje yake. Kwa hiyo ninaposema maumivu si kipimo nasema kwa pande zote mbili. Kutokuumwa si ushahidi wa uzima, na kuumwa sana si sehemu ya lazima ya kuwa mwanamke.

Kama maumivu hayatoshi, kipimo cha haki ni kipi? Kwa mlango wa kizazi ni kalenda. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kuchunguzwa akifika miaka 30, na anayeishi na VVU aanze akiwa na 25 na kurudi mara kwa mara zaidi, kwa sababu hatari yake ni takriban mara sita ya mwingine. Uchunguzi unaofanyika zaidi katika vituo vyetu ni wa siki, na inafaa kuueleza hatua kwa hatua kwa kuwa hofu nyingi hutokana na kutojua kinachotokea nyuma ya pazia. Mama hulala chali kitandani, magoti yamekunjwa, amefunikwa shuka. Muuguzi huingiza taratibu kifaa chenye umbo la mdomo wa bata ili uke ufunguke na mlango wa kizazi uonekane kwa taa. Kisha hupaka siki iliyopimwa nguvu yake kwa pamba na kusubiri kama dakika moja. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Yenye afya hubaki na rangi yake ya waridi. Hakuna kukatwa wala sindano, na jibu hutolewa papo hapo. Ikionekana sehemu nyeupe inayofaa kutibiwa, inaweza kugandishwa kwa baridi kali, tiba inayoitwa tiba mgando, au kuunguzwa kwa kifaa cha joto, kwa dakika chache na mara nyingi siku hiyohiyo. Kizazi hakiondolewi, na uwezo wa kuzaa hubaki. Baada ya tiba mama hutokwa na majimaji kwa wiki kadhaa na huombwa apumzike na tendo la ndoa kwa takriban wiki nne, jambo linalohitaji mume aliyeelezwa na kuelewa. Anayetaka kuanza aende siku ambayo hayuko kwenye hedhi, asijioshe ndani, na aulize katika kliniki ya afya ya uzazi iliyo karibu: Kaloleni au Levolosi kwa wa mjini, hospitali ya Wilaya ya Meru kwa wa Tengeru na Usa River, Selian kwa wa Ngaramtoni, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru.

Pingamizi la kwanza huja kwa sauti ya mashaka: siki ni kiungo cha kachumbari, iweje iwe kipimo cha saratani? Wenye uwezo hupimwa kwa mashine, maskini hupakwa siki. Pingamizi hili linastahili jibu la ushahidi. Mjini Mumbai, India, watafiti wa hospitali ya Tata Memorial waliwafuatilia wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya watu wa kipato cha chini kwa miaka 12. Nusu walichunguzwa kwa siki kila baada ya miaka miwili, na waliowachunguza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wenye elimu ya sekondari waliopewa mafunzo ya wiki chache. Vifo vya saratani ya mlango wa kizazi katika kundi hilo vilikuwa pungufu kwa asilimia 31. Ni kweli kwamba siki ina udhaifu wake: inategemea jicho la mchunguzi, na haiwafai vizuri wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ambao eneo la kuangalia huwa limeingia ndani. Ni kweli pia kwamba kipimo cha kutafuta virusi vya HPV vyenyewe ni bora zaidi, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kuwa cha kwanza kila kinapopatikana. Jibu lake likiwa safi, mwanamke asiye na VVU anaweza kukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kurudia. Kinapofika karibu nawe, kichukue. Lakini kukataa siki leo kwa kusubiri kipimo bora kesho ni sawa na kukataa kuzima moto kwa ndoo kwa sababu gari la zimamoto halijafika. Nchi zilizotangulia hazikushinda kwa ubora wa mashine peke yake. Finland ilianza kuwaita wanawake wake wote kwa utaratibu miaka ya 1960 na kupunguza vifo kwa takriban asilimia 80. Kilichowaokoa ni kuitwa na kurudi.

Pingamizi la pili ni aibu, na silichukulii kuwa jambo dogo. Kufunua uchi mbele ya mtu usiyemjua, pengine kijana wa kiume wa umri wa mwanao, ni mzigo mzito kwa mwanamke aliyelelewa kwa heshima, awe Mmeru, Mwarusha au Mswahili wa Kaloleni. Wahenga walilijua hilo na bado wakasema mficha uchi hazai. Walikubali kwamba uhai wenyewe hudai tufunue tunachokificha, mahali panapostahili, mbele ya anayestahili. Aibu ya mgonjwa ni haki yake, na wajibu wa kuipunguza uko kwa mtoa huduma: chumba chenye mlango unaofungwa, shuka safi, maelezo kabla ya kila hatua, na ulimi wenye staha. Mwanamke ana haki ya kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike, kuomba aliyemsindikiza akae naye, na kusema basi wakati wowote. Kuna aibu nyingine isiyotajwa hadharani katika mkoa huu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba wanawake wapatao 4 katika kila 10 mkoani Arusha walikuwa wamekeketwa, wakati kitaifa ilikuwa 1 kati ya 10. Makovu ya ukeketaji yanaweza kufanya uchunguzi uume, na wapo wanaokwepa kliniki kwa kuogopa kuulizwa au kusemwa. Hao ndio wanaohitaji mkono mwepesi kuliko wote: kifaa kidogo, muda zaidi, na muuguzi asiyeshtuka. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Haimhukumu aliyefanyiwa, na mtoa huduma naye asimhukumu.

Pamoja na aibu hutembea shaka ya ndoa. Mimi nina mume mmoja, husema wengi, sasa nipimwe virusi vya zinaa kwa nini? Na wapo waume wanaosikia neno HPV wakaanza kudai maelezo. Jibu la kisayansi linatuliza nyumba kuliko kuivunja. Mtu mmoja anatosha kuambukiza, na virusi hivi vinaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, tangu kabla ya ndoa, kwa mke au kwa mume. Kuvikuta leo hakusemi lolote kuhusu ya jana wala ya mwaka jana. Kwa hiyo kipimo hiki hakiwezi kuwa ushahidi katika kesi ya uaminifu, na hakipaswi kuitwa mahakamani sebuleni. Mume anayempenda mkewe ana kazi tatu nyepesi: kutoa nauli, kubaki na watoto nusu siku, na kuheshimu zile wiki nne iwapo atatibiwa. Kwa wale wanaochelea kitanda cha uchunguzi, kipimo cha HPV kina neema moja kubwa: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, faraghani, na kumkabidhi muuguzi. Huduma hiyo ikienezwa hadi zahanati za vijijini itawafikia wengi ambao hawatakubali kamwe kulala chali mbele ya mgeni.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linatoka kwenye uzoefu wa umaskini. Nikijua itanisaidia nini, matibabu yako Dar es Salaam? Ni kweli kwamba kwa miongo mingi mgonjwa wa kaskazini aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hospitali ya KCMC, Moshi, imesogeza karibu huduma nyingi za saratani, lakini hata kilomita 80 za kwenda Moshi ni safari kwa mgonjwa anayevuja damu. Mionzi hutolewa kwa wiki kadhaa mfululizo. Hata pale matibabu yanapogharamiwa, kuna chumba cha kulala, chakula, ndugu wa kumuuguza, na shamba la kahawa au genge la mboga lililofungwa nyumbani. Anayesema hawezi kumudu hayo anasema kweli. Lakini ukweli huo unaunga mkono hoja hii kuliko kuipinga. Mwenye bima nzuri na ndugu Dar es Salaam anaweza, kwa shida, kumudu kuchelewa. Asiye na kitu hawezi kabisa. Seli zilizobadilika bila kuwa saratani hutibiwa kwa dakika chache, jirani na nyumbani, na katika vituo vya umma uchunguzi wenyewe hutolewa bila malipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa ugonjwa huu ufa huzibwa Tengeru, ukuta hujengwa Dar es Salaam. Anayeogopa kuambiwa ana saratani akumbuke kwamba walio wengi wanaochunguzwa wakiwa hawana dalili huambiwa wako salama, na wengi wa waliobaki huambiwa kuna kitu kidogo ambacho kinatibika leo.

Kizazi kinachofuata kina nafasi ambayo mama zao hawakuwa nayo. Chanjo ya HPV ilijaribiwa mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaanza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 inatolewa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hofu inayosambaa ni kwamba chanjo hii huua uzazi. Haina virusi hai wala chembe za urithi za virusi. Ina protini ya ganda la nje tu, inayoufundisha mwili kumtambua adui. Imetumika duniani tangu 2006, na wasichana wa kwanza kuipata leo ni wanawake wazima wenye watoto. Wengine hudhani kupunguzwa kutoka dozi mbili hadi moja ni kubana matumizi kwa gharama ya watoto wetu. Uamuzi huo una mizizi hapa Afrika Mashariki. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 ulionyesha kwamba kinga ya dozi moja hudumu na inalingana na ile iliyoonekana kuwalinda wanawake kwingineko, na mwingine nchini Kenya, kwa wasichana na wanawake vijana 2,275, ulikuta dozi moja ikizuia maambukizi ya aina 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo. Huko Scotland, taarifa ya mwaka 2024 haikukuta kisa hata kimoja cha saratani hii miongoni mwa wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13. Wanaosema chanjo itawafungulia watoto mlango wa ngono wajiulize kama chanjo ya pepopunda imewahi kumfundisha mtoto kukanyaga misumari. Inatolewa mapema kwa sababu ngao huvaliwa kabla ya vita. Na aliyechanjwa bado atahitaji kuchunguzwa akifika umri, kwani chanjo haizuii aina zote za virusi.

Mzigo wa haya yote usiachwe kwa mwanamke peke yake. Ni rahisi kumlaumu mama kwamba hakwenda kliniki. Ni vigumu zaidi kuuliza kliniki ilikuwa wazi saa ngapi. Mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Usa River akikosa siku anakosa ujira. Muuza mboga wa Kilombero anayefika sokoni alfajiri hawezi kukaa kwenye foleni hadi saa nane mchana. Mwaka 2020 mataifa ya dunia yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo wapate tiba. Malengo hayo hayatafikiwa kwa mabango. Yatafikiwa siku ambayo muuguzi na meza yake watakuwa Ngaramtoni Alhamisi na Jumapili, siku za soko. Siku ambayo mwenye shamba la maua atatoa saa mbili za ujira kwa uchunguzi. Siku ambayo kila mama anayefuata dawa za VVU atachunguzwa palepale bila kupangiwa tarehe nyingine. Viongozi wa dini, walaigwanani (viongozi wa mila) wa Waarusha na wazee wa ukoo wa Wameru nao wana sauti inayosikika kuliko redio, na neno lao moja kwa wanaume lingefungua milango mingi.

Kwa mwanamke anayesoma haya, kuna swali moja la kuanzia, na ni fupi. Usiulize inauma wapi. Uliza mlango wangu wa kizazi ulitazamwa lini mara ya mwisho. Kama umefika 30, au 25 na unaishi na VVU, na jibu ni kamwe au sikumbuki, basi tarehe imeshafika hata kama hujisikii chochote. Mezani kwa mapokezi sema maneno haya: nimekuja kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi, siumwi. Mtu akishangaa kwamba umekuja ukiwa huumwi, mwambie ndiyo maana umekuja sasa. Ukirudi na jibu, andika tarehe ya kurudi kwenye kadi, na kadi iweke pale unapoweka ile ya kliniki ya watoto wako. Sado iliyobonyezwa unaikataa sokoni. Usiikubali na kwa mwili wako.